Herbert Oloo, Kipa wa Zamu FC

Kwanza tuelewane: mimi si mtu wa mpira. Mimi, Damaris, ni mtu wa mashuka. Nilifika Doha mwaka 2007, na tangu siku hiyo nimekunja mashuka ya hoteli hadi naota nayakunja. Lakini ukitaka historia ya Zamu FC, timu ya walinzi wa kambi ya Muaither, utaniuliza mimi, kwa sababu wale wanaume hawakumbuki kitu. Muulize Harun, nahodha wao, timu ilianza mwaka gani. Atakwambia, "Zamani kidogo." Zamani kidogo! Mimi ndiye niliyefua jezi, mimi ndiye niliyeandika majina, na mimi ndiye niliyepiga kelele kando ya uwanja kila Ijumaa asubuhi mpaka sauti ikaniharibika na mwalimu wa kwaya akanihamishia mstari wa nyuma.

Timu ilianzishwa na Herbert Oloo, mtu wa Ugunja, mrefu, mweusi, mpole hadi anakuudhi. Alikuja Qatar mwaka 2005 kazi ya soja. Mwaka uliofuata kulikuwa na Michezo ya Asia, na kampuni yake ikampanga kulinda ndani ya uwanja wa mpira. Herbert alifurahi, wee! Akampigia simu mkewe, Virginia: mimi nitaona mpira bure, wenzangu wanalipa. Kumbe mlinzi wa uwanjani huupa mchezo mgongo na mashabiki uso. Siku zote hizo alisimama hivyo. Bao linaingia nyuma yake, watu wanaruka mbele yake, na yeye anajua nani kafunga kwa kusoma nyuso zao.

"Mama Shaun," aliniambia (Shaun ni mwanangu, nilimwacha kwa mama yangu Kisii), "nikasema, kama mpira wa wenyewe siruhusiwi kuuangalia, nitaanzisha wangu."

Akaanzisha. Mapema 2007, kwenye kiwanja kitupu cha mchanga nyuma ya kambi yao, magoli ni madumu ya maji, mistari ni chokaa ya mjenzi fulani Mganda. Jina Zamu lilitokana na jinsi timu ilivyopangwa, maana kocha hakuwa na kauli. Kauli ilikuwa ya ile karatasi ya zamu iliyobandikwa mlangoni kambini. Aliyetoka zamu ya usiku anacheza kipindi cha pili, akishalala kidogo kwenye mkeka. Anayekwenda zamu ya mchana anacheza kipindi cha kwanza, suruali ya kazi ndani ya bukta, na basi la kampuni likipiga honi, anaondoka. Hakuna kubembelezana. Mwaka 2009 Benard alikuwa ameshaweka mpira penye penalti, amerudi nyuma hatua tano, ameshika kiuno kama mabingwa wa kwenye televisheni. Honi ikalia. Benard akageuka, akakimbia, akapanda basi. Harun ndiye aliyepiga ile penalti, na aliipaisha mpaka leo hatujauona mpira.

Herbert alikuwa kipa. Si kwa kupenda. Hakuna mwingine aliyekubali kujirusha kwenye mchanga ule wenye kokoto, na mwenye timu hachagui.

Tulifungwa, jamani. Tulifungwa na Wasudan tisa bila. Tulifungwa na madereva, na wapishi, na timu moja ya wahasibu ambao walikuwa wamevaa miwani. Jezi tulipewa mwaka 2010 na mhandisi wa Kijerumani aliyeishi kwenye nyumba za wageni ambako Herbert alikuwa anashika geti. Zilikuwa jezi kuukuu za klabu ya mji wake mdogo huko kwao, za kijani, na kifuani zina jina la mwoka mikate. Huyo Mjerumani alimwambia Herbert kwamba klabu yao ina miaka themanini, na kabati la vikombe huko kwao wameweka maua kwa sababu hakuna kikombe cha kuweka. Herbert alitupa habari hiyo uso unang'aa, kama mtu aliyepata ndugu. Nikamwambia, "Baba Tiffany, wewe unataka kungoja miaka themanini?"

Tiffany ni binti yake. Na mama Tiffany, ndiye Virginia, hakuwa mtu wa kungoja hata minane.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Herbert alipaswa kurudi nyumbani moja kwa moja mwaka 2008. Akaongeza mkataba. 2012, akaongeza tena. Likizo alikuwa anakwenda, ndiyo, mwezi mmoja kila miaka miwili, anapaka rangi nyumba aliyojenga kutoka huku, anarudi. Sababu alizijua: karo ya Tiffany, mabati, ukuta, ugonjwa wa baba yake. Lakini akipiga simu, unafikiri alikuwa anasema nini? Mpira! Hasemi jua la Julai, saa kumi na mbili mfululizo amesimama. Hasemi miguu kuvimba. Hasemi kuitwa kwa kupigiwa makofi. Anasema Harun kafunga, Benard kapanda basi, tumefungwa tatu lakini tulicheza vizuri. Waliosema mficha uchi hazai walikuwa wamemwona Herbert.

Basi mke wa watu akaamini kilichoaminika. Aliniambia mwenyewe kwenye simu, maana tulishakuwa marafiki wa sauti: "Mama Shaun, mwenzangu ana mke mdogo huko. Anaitwa Zamu, na anavaa kijani."

Mwisho wa 2015 Virginia akatoa hukumu. Aprili urudi, na usirudi tena huko. Na uje na kikombe. Kikombe hicho nitakiweka mezani, wageni wakiniuliza mume wangu alikuwa wapi miaka kumi na moja, niwaonyeshe. Ukija mikono mitupu, utaniambia wewe mwenyewe ulikuwa unafanya nini.

Mnaweza kucheka, lakini Herbert hakucheka. Mtu aliyezoea kunyamaza akiambiwa ajieleze, huona afadhali afe. Kikombe kilikuwa njia yake ya kutojieleza. Na Mungu si Athumani, mwaka uliofuata, 2016, Zamu FC, timu ya kufungwa na wahasibu, ikafika fainali ya mashindano ya Waafrika Mashariki. Mpinzani: timu ya hoteli yangu mwenyewe. Meneja wangu aliniuliza nitashangilia nani. Nikamwambia mashuka nakunja ya hoteli, lakini moyo siukunji.

Fainali ilichezwa Ijumaa ya mwisho ya Machi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye uwanja wa kukodi huko Al Rayyan. Uwanja wa kweli! Nyasi za plastiki, magoli yenye nyavu, wavu wa chuma kuzunguka kote, na geti la kusukuma nyuma ya goli moja. Kipindi cha pili Herbert akalinda goli hilo. Nataka mjue kwamba siku hiyo alicheza. Alidaka kwa mikono, kwa goti, mara moja kwa shingo. Levis, mshambuliaji wa hoteli, kijana wa vyombo vya jikoni mwenye maringo, alipiga mashuti sita na yote sita Herbert akayala. Sare, sufuri kwa sufuri, na refa Philipo, Mtanzania asiyecheka, ameshaangalia saa yake mara mbili. Zilibaki dakika tatu tuingie penalti, na kwa penalti hakuna aliyekuwa anamweza Herbert siku ile. Nilikuwa nimeanza kuona kikombe kwenye meza ya Virginia.

Ndipo Land Cruiser nyeupe ikaja ikasimama nje ya geti. Ikapiga honi mara mbili.

Haki ya Mungu, sikuamini macho yangu. Herbert akatoka golini mbio. Mpira uko katikati ya uwanja kwa Levis, na kipa wetu anakimbia upande mwingine! Akafika, akapiga saluti, akalisukuma geti kwa mikono miwili yenye glovu. Gari ikaingia. Akalifunga. Akatia komeo. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Ndipo akageuka, na mpira wa Levis ulikuwa umeshatulia wavuni, hata hauchezi.

Ndani ya gari alikuwemo mzee mmoja Mqatari mwenye ule uwanja, kaletea timu maboksi ya maji. Akashusha kioo, akasema, "Shukran, sadiki," yaani asante, rafiki. Kisha akazitazama zile glovu, akatazama goli. "Wewe si kipa?"

Mazoea yana taabu. Lakini siku hiyo sikuwa na methali. Nilimtukana Herbert. Sitarudia maneno, mimi ni mwanakwaya. Nilikuwa na hasira mpaka machozi. Philipo akapuliza filimbi ya mwisho, hoteli wakabeba kikombe wakaanza kuzunguka nacho, na Herbert akaketi chini ya mlingoti wa goli, amejifunika uso kwa glovu. Wenzake wakamzunguka. Nikadhani watampiga.

Benard akakohoa. "Mzee," akasema, "hata mimi nilikuwa nimeanza kukimbia."

"Mimi pia," beki mwingine akasema.

Harun akainama, ameshika magoti. "Mimi nilifika nusu ya njia. Nilipoona umeniwahi nikarudi."

Halafu mmoja akapasuka, na mwingine, na timu nzima ikaanguka kwenye zile nyasi za plastiki, wanacheka hadi wanashika mbavu, walinzi kumi na mmoja na wa akiba wao. Harun akamvuta Herbert mkono: "Inuka, bwana. Asiyekubali kushindwa si mshindani." Hata yule mzee wa gari alicheka, na akasema hajawahi kufunguliwa geti na timu nzima.

Herbert peke yake hakucheka. Alikuja kwangu. "Mama Shaun, nakuomba. Virginia asijue. Nitamwambia tulifungwa tu, kama kawaida."

Angejuaje? Nilimwuliza hivyo, na kumbe Ann wa mapokezi, mwenzangu wa hoteli, alikuwa amerekodi kila kitu kwa simu. Kufikia alasiri ile video ilikuwa imeshapita Nairobi, imepita Kisumu. Kuna mtu alikuwa ameweka muziki wa benga juu yake. Tiffany aliipata chuoni kutoka kwa rafiki, akaitambua ile shingo ndefu, akampelekea mama yake.

Virginia hakumpigia Herbert. Alinipigia mimi, kesho yake, niko kwenye mashuka.

"Shemeji, umeona ile kitu?" Alikuwa anacheka, sauti inapasuka. "Ameacha goli! Ametia mpaka komeo! Nimeangalia mara tatu, ugali ukaungua!" Tukacheka pamoja, nikasahau hasira zangu. Kisha akashusha sauti.

"Mama Shaun, niambie ukweli. Hiyo gari ikipiga honi, huwa anakimbia hivyo?"

"Huwa anakimbia hivyo."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama Tiffany."

"Na hao wenzake? Nimeona wanne wamegeuka pamoja naye."

"Wote. Ndiyo kazi."

"Hata jua likiwaje?"

Nikaona, potelea mbali, mimi si Herbert. Nikamwambia. Jua nikalitaja, na miguu, na makofi, na mikate aliyokuwa anakula amesimama, na jinsi alivyongoja Ijumaa kama mtoto anavyongoja Krismasi kwa sababu ndiyo siku pekee aliyokuwa anaamrisha yeye.

"Miaka kumi na moja," akasema. "Na mimi nilikuwa namwonea wivu mpira." Akavuta makamasi. "Mwambie aje. Kikombe awaachie hao hao. Na wewe uje naye, shemeji, kama likizo yako imefika. Nataka shahidi."

Likizo yangu ilikuwa imefika. Katikati ya Aprili tukapanda ndege moja, na Kisumu tukakodi gari hadi Ugunja. Njia nzima Herbert alikuwa anafanya mazoezi ya maelezo yake. "Nitaanza na semi-fainali," ananiambia. "Semi tulishinda." Mkononi hana kitu ila glovu ndani ya mfuko wa plastiki. Nilimhurumia, na nilitaka kumpiga kofi, yote mawili.

Tulifika saa tisa mchana. Mbele yetu ukuta alioujenga kwa jasho la Doha, na geti la chuma la bluu alilolipaka rangi mwenyewe. Dereva akasimama, akapiga honi mara mbili.

Mkono wa Herbert ulikuwa umeshafungua mlango wa gari. Mguu mmoja uko chini.

"Baba Tiffany!" Sauti ilitoka ndani ya ukuta, kali. "Keti hapo hapo ulipo!"

Akarudisha mguu. Geti likafunguliwa, bawa moja, kisha la pili, polepole, mpaka mwisho. Virginia alikuwa amevaa gauni la kanisani, viatu ameviacha, amelowa jasho, kwa sababu geti lile ni zito na alikataa Tiffany asimsaidie. Alipomaliza alisimama wima kando ya njia, akapiga saluti. Aliipiga kwa mkono wa kushoto, na ilikuwa mbaya, ya kuchekesha. Nilifungua mdomo nicheke, nikamtazama Herbert, nikaufunga. Yule mtu mrefu alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote, ameukumbatia ule mfuko wa glovu.

Dereva hakuelewa chochote. Akachungulia dirishani, akamwuliza mama kama aingize gari.

"Ingiza," Virginia akasema, mkono bado uko kwenye kipaji cha uso. "Huyo ndiye mwenye nyumba."