Jibu Nililomupa Papa Ramazani juu ya Freni

Siku yangu ya kwanza katika ateliye ya kutengeneza baiskeli, chefu wa mafundi hakunipa ufunguo wa kukaza nati. Alinipa kinga moja, yaani baiskeli ya zamani, akasema: «Panda, telemuka mupaka chini, simama. Kisha uniambie mukono wako umesikia nini.» Nikarudi, nikamwambia nimesikia ugumu. «Basi hiyo njo kazi,» akasema. «Fundi anatengeneza, lakini mwenye kinga njo anabana.»

Freni za wakati ule, vijana wangu, zilikuwa za vyuma: fimbo nyembamba kutoka gidoni, pale mikono inaposhika, mupaka kwenye gurudumu. Ulibana kwa vidole vyote, ukianza mbali, na kinga ilipunguza mwendo polepole kama muzee anayeketi kwenye kiti. Hizi mpya za kamba, zilizokuja na kinga za kozi, zile za mashindano, zinataka vidole viwili tu. Ukizibana kwa nguvu za zamani, gurudumu la mbele linasimama palepale na wewe unaendelea.

Mimi nilichelewa kujua hayo, na sikutaka muntu ajue kama nimechelewa. Nilikuwa tayari chefu. Asubuhi moja Papa Ramazani, mwenye kubeba unga wa watu, aliniletea kinga yake niiwekee freni mpya. Niliweka, nikaijaribu kidogo uani, karibu inirushe. Akaniuliza:

«Papa Fundi, nitabana namna gani?»

«Vile vile unavyobana siku zote.»

Niliona haya kusema sijui.

Asubuhi ile ile alitelemuka na magunia mawili, akabana, akaruka juu ya gidoni. Mukono wa kuume ulivunjika vibaya. Watu walipokuja kuniuliza, nilisema labda alikunywa. Muislamu yule, asiyejua hata harufu ya pombe ya lotoko! Neno likazunguka soko lote, likafika kwa bibi yake wa ndoa, na mimi nikaendelea kukaza kamba za freni za watu.

Sasa nimeacha kazi. Ninyi vijana munaniita baba wa mafundi, na uso unaniwaka. Papa Ramazani hakubeba tena muzigo. Anauza chumvi kwa vikombe karibu na gare ya treni. Juma lililopita nilikwenda kumwambia kweli yote. Kabla sijafungua kinywa alininyoshea mukono wa kushoto.

«Unisamehe, Papa Fundi,» akasema, «ule wa kuume hauinuki.»

Nikaushika. Kisha nikanunua vikombe viwili vya chumvi, nikarudi nyumbani na kweli yangu kinywani.