Amri Moja kwa Seva Zote

Ofisi ya kompyuta ya hospitali ile ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, na mwanamke aliyeiendesha watu walimwita Bi Taratibu. Jina hilo hakulipata kwa upole wake, maana upole hakuwa nao. Ukimgusia tu habari ya kusasisha seva, zile kompyuta zinazoendesha mifumo yote ya hospitali, haraka haraka, alikukata kauli kabla hujamaliza: "Taratibu! Mwonjaji ameonja?"

Mwonjaji ilikuwa seva moja kuukuu iliyowekwa kwenye kona, isiyomhudumia mgonjwa yeyote. Kila toleo jipya la programu lilianzia kwake, kama mpishi anavyoonja chumvi kabla ya kupakua. Likimkaa vizuri hadi kesho yake, ndipo Bi Taratibu aliporuhusu seva nyingine, tena moja moja, ya kwanza isimame imara ndipo ya pili iguswe. Wala hakuzishika kwa mkono. Aliandika maelekezo mara moja, akabonyeza, na mfumo ukazipitia seva zote kufanya kama alivyoandika. Ndiyo maana alikuwa mkali. Alikuwa akisema kwamba mfumo unaotii hivyo utakutii hata ukikosea.

Mwenzake wa meza ya pili aliitwa Kimya, kwa kuwa maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Huyo aliwahi kumruka Mwonjaji siku moja tu, akagombezwa na Bi Taratibu mbele za watu mpaka jasho likamtoka. Alimeza, akaendelea na kazi.

Basi siku moja baba mzazi wa Bi Taratibu akaja. Mzee alikuwa na miadi kliniki ya macho hapo hapo hospitalini, akaona apande kwanza amwone binti yake kazini. Miaka yote wazee wenzake walimuuliza binti anafanya kazi gani, naye alijibu "mambo ya kompyuta," kisha maneno yakamwishia. Alikuwa dereva wa lori mstaafu, na kazi kwake ni kitu unachokiona kikisogea.

"Shikamoo, baba. Karibu, kaa hapa."

"Marahaba, mama. Haya, nionyeshe. Kazi yenyewe iko wapi?"

Akamwonyesha skrini iliyojaa vidoa vya kijani, kila kidoa seva moja. Mzee akatazama, akatazama tena.

"Kwa hiyo unakaa hapa unavitazama?"

Swali halikuwa na ubaya, lakini lilimchoma Bi Taratibu. Asubuhi hiyo kulikuwa na toleo jipya la programu inayotunza kumbukumbu za wagonjwa, likisubiri kupelekwa kwa Mwonjaji. Angeweza kumwonyesha baba hilo hilo: kidoa kimoja cha pembeni kingebadilika rangi, habari ikaisha. Akaona ni kidogo mno kwa mgeni kama huyu. Akafungua maelekezo, akafuta mstari unaosema Mwonjaji kwanza, akafuta na ule unaosema moja moja, akaandika: "zote."

Kimya aligeuka. "Mwonjaji ameonja?"

"Sasisho dogo tu hili," alisema bila kumtazama. "Baba, angalia sasa. Nabonyeza mara moja, zote zinaitika."

Akabonyeza. Vidoa vikageuka njano vyote kwa pamoja, na mzee akapiga paja kwa furaha. Kisha vikawa vyekundu.

"Ahaa! Vimeitika vyote!" Mzee alisimama, akamshika bega. "Kumbe mwanangu ni mkubwa hivi. Leo nina la kuwaambia watu. Ngoja niwahi kliniki."

Bi Taratibu hakumwambia kwamba nyekundu maana yake seva zimezimika. Alitabasamu tu, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Toleo jipya lilikuwa limekataa kusoma mipangilio ya zamani, likagoma kuwaka. Mwonjaji angegoma peke yake pale kwenye kona, na mgonjwa yeyote asingejua. Sasa zilikuwa zimegoma zote, haikubaki hata moja ya kushika zamu. Simu zikaanza: mapokezi, maabara, dirisha la dawa. Mkuu wa kitengo chao, aliyekuwa chini, akapiga kuuliza kulikoni.

"Sasisho lina kasoro," alisema Bi Taratibu. "Limetoka hivyo kwa watengenezaji."

Kimya aliyasikia maneno hayo. Akasogeza kiti chake, wakaanza kurudisha toleo la zamani, safari hii moja moja, na kila alichoombwa alikitoa kwa adabu ile ile ya siku zote. Afadhali angemtukana. Aibu ilimpanda Bi Taratibu hadi masikio yakamwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze, ila alikuwa ghorofa ya juu, na ardhi yenyewe ilikuwa mbali.

Simu yake ya mkononi ikaita. Ni baba.

"Mama, huku chini foleni haiendi, wanasema mashine zimegoma. Watu wamekasirika, kuna dada hapa ana mtoto mwenye homa. Nimewaambia watulie, mwenye hizo mashine ni binti yangu, yuko juu anazitengeneza. Wamefurahi kweli! Shuka basi wakuone."



"Nenda," alisema Kimya. "Namalizia mimi."

Chini, watu walijaa kwenye mabenchi mpaka mlangoni. Mkuu wa kitengo alikuwa amesimama mbele yao, akieleza kwamba tatizo limetoka kwa watengenezaji. Mzee, aliyekuwa wa kwanza kwenye dirisha la mapokezi, alimwona binti yake akitokea ngazini.

"Huyu hapa! Ndiye huyu!"

Watu wakageuka. Mwanamke mwenye mtoto akainuka. "Asante sana, dada. Mungu akubariki."

Bi Taratibu akarudi nyuma hatua moja.

"Usinishukuru," alisema, macho yakiwa sakafuni. "Na si watengenezaji. Ni mimi. Tuna mashine ya kujaribia pembeni, tunaiita Mwonjaji. Kila kitu kinaanzia hapo. Leo nimeiruka makusudi."

Mkuu wa kitengo alibaki kinywa wazi. Mtoto mwenye homa akaanza kulia.

Mzee alimsogelea. "Makusudi kwa nini?"

"Nilitaka uone, baba."

"Kwa hiyo ile nyekundu..."

"Ndiyo."

"Nami nikapiga paja," alisema mzee.

Dirishani, skrini ya mapokezi ikawaka. "Mzee, njoo, imerudi," aliita mhudumu. Mzee akavua kofia, akamwashiria mwanamke mwenye mtoto apite. Kisha akayapita mabenchi yote, akaenda kusimama mwisho kabisa wa foleni. Binti yake akamfuata, akanyoosha mkono kumshika.

"Rudi juu, mwanangu," alisema mzee bila kugeuka. "Yule mwenzako alikuuliza kabla hujabonyeza. Nilimsikia."