Fimbo ya Baba Langoni

Enzi zetu, huko Singida, ng'ombe hawakuhesabiwa kwa kidole, ilikuwa nuksi. Jioni baba alisimama kwenye lango la zizi, akamgusa kila mmoja mgongoni kwa fimbo na kumwita jina. Mmoja akikosekana, tulirudi porini kumtafuta hata kama ugali umeshaiva. Tulinuka samadi, midomo imejaa maziwa mgando, na tulijiona matajiri. "Mali ni ile inayokujua," baba alipenda kusema.

Yamenirudia Jumapili hii, hapa Maplewood, ughaibuni ninakoishi. Jirani yetu Bi Miriamu, Myahudi, alitualika uani kwake kusherehekea mwaka mpya wa mifugo. Hata Wayahudi wenzake wengi hawaujui, alisema. Zamani siku hiyo ilifungua mwaka wa zaka: wanyama walipitishwa chini ya fimbo, kila wa kumi akatengwa. Siku hizi yeye na wenzake hubariki wanyama wa nyumbani. Basi wakaja mbwa waliochanwa nywele, paka kwenye vikapu, na sungura mwenye daktari wake. Kijana mmoja alimpakata mbwa na kumfuta mate kwa leso. Enzi zetu mbwa akisogelea chakula alikula teke.

Nilicheka na wageni wengine mpaka pembe la kondoo lilipopulizwa kufungua ibada. Hapo nikaumia, tena sana. Siku chache kabla, kaka yangu Elia alikuwa amenipigia simu kuniambia kwamba ameuza ng'ombe wote, hata Madoa, mjukuu wa yule niliyemchunga mimi.

"Mdogo wangu, nani angechunga?" aliniuliza. "Watoto wote wako mjini, na wewe uko huko."

"Na mzee umemwambia?"

"Nitaanzaje? Nimemdanganya wako malisho ya mbali. Kila jioni anakaa langoni na fimbo yake, anawasubiri."

 

Pale uani, Bi Miriamu akatuomba kila mmoja ataje jina la mnyama wake, abarikiwe. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Madoa." Mwanangu Baraka akanivuta shati, akaninong'oneza kwa Kiingereza kwamba sisi hatuna mnyama yeyote.

Enzi zetu mtoto alijua ng'ombe kwa majina kabla hajajua kusoma. Wangu anasoma vizuri sana. Nilitaka kumkemea, lakini alisema kweli. Hatuna. Huko nyumbani amebaki mzee mmoja tu ambaye hajaambiwa.