Mstari wa Wazee wa Tanuri

Kila alipofumba macho, Chileshe, binti karani wa takwimu, aliziona nukta zake zikipaa kutoka kwenye karatasi ya grafu kama kumbikumbi baada ya mvua. Kila nukta ilikuwa mzee mmoja wa tanuri la shaba: umri wake, na mara alizokosa kufika kazini. Mkuu wa ofisi, Citoyen Mwenze, alitaka kujua kama mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Yakienda pamoja, wazee watastaafishwa na kuhama nyumba za kampuni. Baba yake, Mulenga, alikuwa mmoja wao.

Kwanza alipiga hesabu ya mstari ulionyooka, kama alivyofundishwa chuoni. Uhusiano ulitoka hafifu. Angeipeleka hivyo, baba angebaki.

Lakini ile miaka ilimsumbua. Waandikishaji wa zamani walimtazama mtu usoni tu, wakaandika "alizaliwa karibu 1920". Hesabu ya mstari iliiamini miaka hiyo ya kukisia kana kwamba imepimwa. Ilikuwepo hesabu nyingine isiyouliza miaka, bali nani anamtangulia nani.

Basi akashuka tanurini wakati wa mapumziko, akawaomba wazee wajipange, mkubwa mbele, mdogo nyuma. Walisogea polepole ndani ya moshi mwekundu kama watu wanaotembea usingizini.

"Weye Kalaba, rudia nyuma," alisema mmoja.

"Nyuma wapi? Kitabu inasema niko mukubwa yako."

"Kitabu ilikuona wapi? Miye nilikuwa nachunga mbuzi, weye ungali mu mugongo ya mama yako."

Wakacheka, na Kalaba akarudi nyuma. Mulenga hakusukumana na mtu. Walimpisha wenyewe, mpaka akawa wa kwanza.

Chileshe akawapanga tena kwenye karatasi kwa mara walizokosa kufika kazini, akalinganisha mipangilio miwili. Uhusiano ukatoka wenye nguvu. Akarudia, haukubadilika. Akampelekea Mwenze hesabu hiyo.

Jioni alimweleza baba hesabu zote mbili uani, bila kumtazama.

"Ni weye uliandika?"

"Ni miye, baba."

"Na ile ingine, ilikuwa ya uongo?"

"Hapana. Ilikuwa ya kukisia."

 Mulenga akasogea kwenye benchi, akampa nafasi.

"Kule kwetu Mitwaba, mwezi huu banapanda muhogo, mama," alimwambia bintiye. Akaanza kumtajia mashamba, moja baada ya jingine, na Chileshe akafumba macho asikilize.