Stafeli la Mzee wa Kanisa

Nilipokuwa mtoto kule Kakuyuni, miaka ya themanini, Jumapili tulimwogopa Mungu na siku sita zilizobaki tuliogopa makago. Kago ni dawa ya kulinda shamba: chupa ya maji meusi, kitambaa chekundu shingoni, imetundikwa mtini. Ukila tunda la mti huo, tumbo lafura mpaka mwenye shamba akufungue.

Nilikula stafeli. Chupa niliiona nimeshamaliza, nalamba vidole. Ilikuwa upande wa pili wa mti. Stafeli lenyewe bichi. Kufikia alasiri tumbo limekuwa ngoma, na kesho yake ndiyo Jumapili yangu ya kubatizwa mtoni. Niliamini nikitiwa majini na lile kago tumboni nitazama kama jiwe la kusagia.

Nyanya alinibonyeza tumbo, akacheka. "Mwizi we! Umekula la nani?"

Nikamtajia. Kicheko kikakatika. Mti ulikuwa wa Mzee Karisa, mzee wa kanisa, aliyetufundisha Amri Kumi kila Jumamosi, fimbo mkononi.

"Karisa ana kago?" Nyanya akajifunga leso. "Twende. Hili silikosi."

Tulimkuta uani akichambua korosho.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Mwanafunzi wangu ana nini?"

"Amevunja amri ya nane," Nyanya akamjibu. "Anamtafuta aliyevunja ya kwanza, amfungue."

Mzee akatazama njiani, kulia na kushoto. "Mama, polepole. Ile chupa ni maji na wino tu. Ya kutishia watoto."

"Basi ivunje."

Hakuivunja. Aliishusha kwa kijiti, uso ameugeuza. Wino gani huo wa kumtisha aliyeutia? Kisha akapiga magoti, akaniombea kwa jina la Yesu, na baada ya amina akanitemea maji tumboni mara saba.

"Na hayo ya nini tena?" Nyanya akamuuliza.

"Tuwe na hakika," akasema.

Kabla jua halijatua nilikuwa nimekimbilia choo mara nne. Tumbo likanywea.

Jumapili kule mtoni, zamu yangu ikikaribia, Mzee Karisa alipita mbele na ile chupa mkononi. Akawaambia watu wote kwamba aliitundika yeye, na kwamba aliiamini. Mchungaji akamsimamisha kufundisha mpaka Pasaka. Jina langu hakulitaja. Nyanya, aliyekuja tayari kwa kucheka, akainama akakaza leso ambayo haikuwa imelegea.

Nami nikatiwa majini, nikaibuka mzima.

Wajukuu huniuliza kama kago ni kweli. Stafeli bichi litamfurisha hata askofu, nawaambia. Lakini yule mzee alikuwa na hofu mbili, akaitupa moja mbele za watu, na msimu uliofuata watoto walimmalizia mastafeli yote akiwatazama. Mimi nimekaa kanisani miaka yote hii, nimewasuta wenzangu kwa mengi, wala sijasimama hata siku moja kuungama lile tunda.

Haya basi. Nililila mimi, na halikuwa hata tamu.