Geti Nililomfungia Mjomba

Nilimfungia mjomba wangu geti siku ya harusi ya dada yangu, kisha nikamwambia aimbe. Hakuimba vizuri. Nikamwambia arudie.

Kwetu, chini kidogo ya mji wa Kanyakine, watu wa bwana harusi wakija kumchukua msichana hukuta geti limefungwa. Wanaimba wakiwa nje, akina mama wetu wanawatania kutoka ndani, na hawafunguliwi mpaka waimbe wimbo wa kuridhisha. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetumwa mpaka nikachoka. Peleka viti. Virudishe, si hapo. Mashangazi nisiowajua walinivuta mashavu wakiuliza kama nawakumbuka, halafu wakanituma maji. Kwa hivyo nilipopewa ufunguo wa geti niliona angalau nimepata cheo.

Bwana harusi alikuwa wa Karurumo, upande wa Embu. Mzee mmoja mwenye suti ya kahawia akafika na mkewe, viatu vimejaa matope, akanisalimia kwa Kimeru kilichochanganyika na Kiembu. Nikajua hao ndio wa kwanza wa upande wa bwana harusi.

"Fungua, kijana."

"Hapa hatufungui kwa salamu, mzee. Imba."

"Unajua mimi ni nani?"

"Nikikujua ndio utaimba vizuri?"

Mkewe akacheka, mzee akaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani.

"Kwa sauti hiyo mtarudi Embu na kuku badala ya bibi harusi," nikamwambia. "Rudia, na mama akusaidie."

Akageuka, wakaenda zao.

Baadaye kidogo Mama akaja kuuliza kama ndugu yake amefika. "Ni mrefu. Anatembea kama amebeba ndoo kichwani." Nikakumbuka jinsi yule mzee wa suti ya kahawia alivyoshuka kilima.

Mjomba huyo nilimwona mara ya mwisho nikiwa shule ya nasari. Alienda kufundisha Embu, akaoa huko. Kwenye mazishi ya nyanya, Mama alimwambia mbele ya watu wote kwamba amekuja kama mgeni, na tangu siku hiyo hakukanyaga kwetu. Lakini msichana wetu hatoki nyumbani kabla mjomba hajambariki, na Mama alikuwa amemtumia watu mara nyingi mpaka akakubali kuja.

Nikashuka kumtafuta, nikampata kwenye kibanda cha chai kule barabarani.

"Mamako aliniita mgeni kwa mdomo wake," akasema. "Leo amenitumia mtoto na kufuli."

"Hakunituma, anko. Ni mimi tu na ujinga wangu."

"Basi aje aniambie hivyo mwenyewe."

Nikapanda kilima kumwambia Mama. Mama akasema mama wa bibi harusi haachi wageni akatembee barabarani. Nikashuka. Mjomba akasema bado anakunywa chai. Nikapanda tena, shati limelowa. Watu wa Karurumo wenyewe walikuwa wamefika na kuanza kuimba, na huko ndani dada yangu analia hadi poda inachuruzika. Hawa watu wazima walinichosha. Darasani kwetu watoto huzozana wakati wa mapumziko, kengele ikilia wamemaliza. Kosa lilikuwa langu, sawa, lakini kiburi hicho si mimi niliyewapa.

"Mama, anaamini ulinisimamisha pale makusudi. Umfungie kama mgeni."

Nadhani Mama alikuwa amefikiri ndugu yake anataka tu kubembelezwa. Akavua viatu vya harusi, akavaa gambuti za mpira za kukamulia ng'ombe, akaniambia nifungue. Alipita katikati ya watu wa Karurumo, nao wakidhani ni sehemu ya mchezo wakaimba kwa nguvu zaidi.

Kibandani aliketi mbele ya ndugu yake.

"Umekonda," akasema.

"Wewe umenenepa."

Mama akavuta kikombe cha ndugu yake, akanywa chai iliyobaki. "Huyu sikumtuma. Huyu alizaliwa hivi."

Mjomba akaniangalia. "Tabia amekufuata wewe," akamwambia.

Wakapanda pamoja, mjomba amemshika Mama mkono kwenye matope. Nilikuwa nyuma na kiondo cha mkewe, kizito ajabu, na hakuna aliyeniuliza kama nimechoka. Harufu ya pilau ilitufikia kabla ya geti. Mama akachukua ufunguo mfukoni mwangu, akamwingiza ndugu yake, akamwingiza mkewe na kiondo chake, kisha akanifungia nje na watu wa Karurumo. Akaniambia kupitia kwenye vyuma:

"Wewe imba hapo na wageni wenzako. Mjomba wako ndiye atasema kama umeimba vizuri."