Filtre ya pili ililalisha ya kwanza, na kamiyo ikaondoka

Vijana mutakaosoma uzi huu, na wakuu wote wa jukwaa, jambo.

Hii ilinipata mimi mwenyewe, huku kwetu Mushaki, miaka ya vita. Sikuhadithiwa na mutu. Nikiruka kitu, ni uzee, si uongo.

Kwanza mujue kazi yangu. Nilikuwa nachunga serveri ya imeli ku nyumba ya biashara ya Papa Paluku, mutu wa Butembo mwenye duka na makamiyo ya mizigo. Kabla ya hapo nilikuwa ku fonie, ile redio ya kuitana.

Serveri ilipofika, fundi alinionyesha komandi siku tatu, akarudi Goma. Nikaziandika mu kayee, daftari langu. Masomo yangu iliishia mwaka wa tatu wa primaire, lakini komandi haiulizi diplome. Ukiipiga vizuri inafanya, ukiipiga vibaya inakataa. Napenda kitu cha namna hiyo.

Sasa filtre. Ni maandishi mafupi unamuwekea mutu ku serveri, yanapanga barua zake zikifika: hii iende huku, hii itupwe. Watu hawakujua kuandika yao. Walikuwa wanakuja, wananiita Koko kwa sababu mimi ni mama muzee: "Koko, nipangie." Nawapangia.

Tabia yetu munaijua. Adresi moja, watu kumi. Ile ya "paluku" ilikuwa ya Papa Paluku, bibi yake wa ndoa, mudogo wake Kasereka, mashoferi, na mimi pia. Kumunyima mutu adresi ilikuwa kama kumunyima maji ya kunywa. Hakuna aliyeona ubaya.

Ku adresi hiyo niliweka filtre, jina lake "njia". Infirmier mumoja, muuguzi wa Ntoto, kule Walikale, alikuwa na antena ya setelaiti. Akisikia barabara imeharibika ao wenye bunduki wamejipanga, anatuandikia. Filtre inachukua barua yake, inaiweka mu sanduku la HARAKA.

Kila asubuhi saa kumi na mbili nilifungua HARAKA peke yake. Barua zingine zilikuwa mamia, na laini ilikuwa nzito. Barua ikiwemo, kamiyo inabaki. Isipokuwemo, inatoka.

Siku moja muchana Kasereka akaja, publicité, zile barua za matangazo, zimemuchosha.

"Koko, niwekee filtre ya kutupa hizi takataka."

Nikaandika, nikapiga:

doveadm sieve put -u paluku -a publicite < publicite.sieve

Akatazama vidole vyangu, akacheka. "Koko, unapiga klavie kama unatwanga sombe!"

"Na sombe yangu unakula mpaka unalamba sahani. Toka, niko na kazi."

Kesho yake asubuhi HARAKA ilikuwa tupu. Nikamuambia Papa Désiré, shofere: "Enda, njia iko muzuri."

Juu ya magunia ya maharagi alipanda Riziki, binti yangu wa mwisho, na mutoto wake mugongoni. Alikuwa anaenda kuuza Walikale.

Saa tatu bibi ya Paluku akaniuliza kama ile filtre ya Kasereka inatumika kweli. Nikataka kumuonyesha. Nikapiga:

doveadm sieve list -u paluku

Ikanijibu:

njia
publicite ACTIVE

Wakuu, niliisoma mara tatu.

Serveri inakubali uweke filtre nyingi, lakini kwa mutu mumoja inayofanya kazi ni moja tu. Ile -a ndogo iliamusha ya pili, ikalalisha ya kwanza. Kwake serveri, "paluku" ni mutu mumoja. Haikujua tuko kumi.

Mashine haikukosea. Mimi njo nilikosea.

Nikafungua lundo lote la barua. Ile ya infirmier ilikuwa imefika tangu jana: "Musitume gari. Wamefunga barabara, wanashusha watu na kuwapeleka mu pori."

Imeli yetu ilipita ku setelaiti, lakini rezo ya simu ilikuwa imekufa wiki nzima, shofere hapatikani. Nikakaza kikwembe kiunoni, nikamuita Bahati mwenye moto, ile pikipiki.

"Mama, shikilia nguvu."

"Wewe endesha. Kushika najua."

Kamiyo tuliikuta imesimama ku ferme, shamba la ng'ombe, inangoja fromage, zile jibini za kupeleka Walikale. Mwenye ng'ombe alikuwa amechelewa kuzileta. Vijana, mpaka leo nikimuona yule mwenye ng'ombe namusalimia kwa mikono miwili.

Papa Désiré akacheka: "Koko juu ya moto! Leo unafukuza nani?"

"Wewe. Geuza."

"Nani amesema?"

"Infirmier wa Ntoto."

Akaacha kucheka, akawasha motere, akageuza. Riziki akaniinamia toka juu ya magunia: "Mama, si ulisema njia iko muzuri?"

"Nilisema. Nilikosea. Kaa chini, usiangushe mutoto."

Kisha siku mbili, watu wa gari lingine lililopita njia ile walifika Mushaki kwa miguu, bila viatu. Wengine wao hawakufika.

Siku ileile ya kugeuza kamiyo niliweka filtre zote mbili mu fayili moja, "njia" juu, publicité chini, nikaiamusha, nikapiga list tena kuhakikisha. Haijanisumbua tena.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa ile -a. Sanduku tupu nililichukua kama jibu. Sanduku lisilo na habari na sanduku lisilopokea habari, kwa macho ni kitu kimoja. Munaochunga imeli za watu, chunguzeni hilo kwanza.

Kama iko mwenye njia bora ya kupanga filtre za watu wengi ku adresi moja, aandike hapa chini, nitasoma yote. Mwenye matusi akae nayo.

Nyumbani niliwaita wote, Riziki, Kasereka na mashoferi, nikawaambia wakiwa wamesimama: "Kuanzia leo kila mutu na adresi yake. Na hakuna anayepanda gari kwa sababu HARAKA iko tupu. Mutangoja mpaka infirmier wa Ntoto aandike mwenyewe kwamba njia iko wazi, hata maharagi yakiotea mu magunia."